Shingo za Bata wa Baba

Mpaka leo harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha nyuma. Najikuta nina miaka tisa, nimelala kifudifudi kwenye matete ya bwawa moja nje ya Johannesburg, na nimekatazwa hata kukohoa.

Baba yangu, seremala aliyekimbia vita kule Uvira, Kongo, alikuwa na kibanda cha kazi uani katika mtaa wa Mayfair, Johannesburg. Mwaka ule wa 2011 mkulima mmoja mzee, Mzungu, alimwagiza achonge bata kumi na wawili wa mbao, wa kuelea bwawani ili bata wa kweli wadhani ni wenzao, watue. Msimu wa kuwinda ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Bata wakitua, mkulima alisema, baba atapata kazi ya kudumu shambani, na nyumba ya vyumba viwili. Sisi tulikuwa tukiishi watano nyuma ya pazia, kwenye jengo la katikati ya mji ambalo lifti yake ilikufa kabla sijazaliwa. Mama alishaanza kufungasha vyombo. Mama hakuwa mtu wa kungoja.

Baba alichonga, mimi nikapaka macho. Niliyapaka makubwa, nikaona fahari.

Alfajiri ile baridi ilitutafuna masikio. "Lala chini, mama," baba alininong'oneza mimi bintiye. "Usitikisike." Kundi likaja, likashuka mpaka nikasikia mbawa zikivuma, kisha ghafla wote wakapaa. Kundi la pili nalo likafanya vivyo hivyo. Mkulima akashusha bunduki, akamtazama baba. Nilikuwa na hakika ni yale macho niliyoyapaka yaliyotukosesha nyumba. Nikalia kimyakimya, kamasi zikinichuruzika.

Mkulima akanyoosha kidole majini, akasema kitu kwa Kiingereza.

"Eish. Anasema bata zangu zote zimeinua shingo," baba akaniambia. "Bata ikiinua shingo, imeona hatari. Ile yenye imetulia inainamisha kichwa."

Hakubisha. Aliingia majini na viatu vyake, akawavuta bata mmoja mmoja mpaka ukingoni, akatoa msumeno kwenye mfuko wake wa kazi. Alikata shingo, akapigilia vichwa chini kabisa, jua linapanda, mkulima anatazama saa.

Kundi la tatu lilizunguka mara mbili. Likatua. Bunduki ikalia, nikaziba masikio, na ndivyo tulivyopata nyumba.

Kwa miaka kadhaa nilidhani baba alikosea ufundi tu. Lakini kule mjini sikuwahi kumwona akila bila kuukodolea macho mlango; hata kanisani alikaa kiti cha mwisho, karibu na njia ya kutokea. Alichonga kile alichokijua.

Mwaka wa tatu shambani, siku moja nilitoka shule nikamkuta anakula ugali peke yake, mlango uko wazi nyuma ya mgongo wake, ameinamia sahani. Hakunisikia. Nikavua viatu, nikasimama pale pale kizingitini mpaka alipomaliza, nisije nikamshtua.