Taa Iliyojiwasha Yenyewe

Kibao chenyewe, cha elektroniki cha kuendeshea taa, kilikuwa kidogo kuliko kiberiti. Nilikinunua Goma kwa fundi wa simu, nikakiunganisha na kompyuta ya kuazima, nacho kikanigomea mchana kutwa. Kosa lilikuwa kwenye waya: ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi programu. Nilitukana, nikabadilisha waya, na kitaa chake kikapepesa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Baadaye nikaweza kushika Wi-Fi ya kibao kwa simu, nikibonyeza, taa ya mlangoni inawaka. Mama alifurahi zaidi nilipoongeza kihisi cha mwanga. Giza likiingia, taa ikawa inajiwasha yenyewe, kwa betri iliyochajiwa na paneli ya jua.

Tulipokimbia vita tuliiacha ikining'inia mlangoni. Kutoka kambi ya Lushebere, kilima chetu kinaonekana ng'ambo ya bonde. Jioni ya kwanza ilipowaka, Mama alilia kwa furaha. Nyumba ilikuwa bado imesimama.

Balaa ni kwamba kwetu taa ya mlangoni ina maana yake. Anayetangulia kurudi baada ya fujo huiwasha, majirani wakajua njia ni salama, nao wakafuata. Jirani yetu mmoja, aliyeacha maharage yamekomaa shambani, alianza kuitazama kila jioni.

“Kwenu muntu amesharudia,” akaniambia.

“Hapana, Papa. Njo ile karti yangu, kile kibao. Inajiwasha yenyewe, kule hakuna muntu.”

“Taa haiwezi kuwaka bila muntu. Ao munataka kuvuna peke yenu?”

Nilimwonyesha programu kwenye simu, mstari kwa mstari. Aliitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za arusi asiyoijua. Watoto wake walikuwa wanalala njaa. Nilimkasirikia sana, na hasira hiyo haijaniisha.

Aliondoka asubuhi na gunia tupu. Siku ya soko, watu waliopita kule walisema wamemkuta shambani kwake, amepigwa risasi, gunia limejaa nusu. Hawakuweza kumbeba.

Jioni hiyo mkewe alikuja kwenye hema letu. Machozi yalikuwa yamemkauka. Ng'ambo, taa ilikuwa imeshawaka.

“Kaka, uizime,” alisema. “Wengine bado wanaiangalia.”

Nilitoa simu nikatafuta Wi-Fi ya kibao, ingawa nilijua haivuki hata ua wetu. Alisimama pale, akinitazama nikibonyeza.