Kiti cha Nyuma ya Mama wa Ngoma

Kaka yangu Ayandokun hana maneno mengi, na watu wa Oke-Ayan walidhani asiyesema hana kinyongo. Mimi nimekula naye sahani moja tangu utotoni, najua alivyo. Kinyongo chake alikilea miaka mingi kama mtu anavyolea mbuzi wa sikukuu.

Baba yetu alikuwa akipiga iya ilu, mama wa ngoma, ile yenye kamba za kubana kwapani ili sauti ipande na kushuka kama ya mtu, inayotamka majina ya wafalme na watu wakaitika. Kwetu ngoma ni ilu, na jina hilo limetoka kwenye lu, yaani kupiga. Moyo nao tunausemea kwa lu hiyohiyo. Baba alipomfundisha Ayandokun hakuanza na ngoma. Alimshikisha kifundo cha mkono wake mwenyewe, pale mshipa unapodunda, akamwambia, "Hapa ndipo neno lilipozaliwa. Ukilipoteza hili, mengine yote ni kelele." Kisha akaahidi mbele yetu sote kwamba iya ilu itakuwa ya mwanawe.

Baba akafa. Udongo wa kaburi haujakauka, baba mdogo Ayanlaja akaitungua ngoma ukutani.

"Mkono wa huyu ni wa kutwanga viazi vikuu," aliwaambia wazee, huku akicheka. "Mpeni gudugudu, asikose cha kufanya."

Wazee nao wakacheka. Niliwachukia siku ile na nawachukia hadi leo, waliokufa na waliobaki.

Gudugudu ni kingoma kidogo cha kuvaa shingoni, hupigwa kwa vijiti viwili vya ngozi. Hakitamki jina la mtu. Kazi yake ni kushika mapigo, na mama wa ngoma hutembea juu yake. Ayandokun akakivaa, akasimama nyuma ya baba mdogo harusini na misibani, akimtazama kisogo. Mzee akipata sifa, humgeukia na kumtania, "Mtwangaji, umechoka?" Kaka hujibu, "Bado, baba mdogo."

Ikafika siku Ayanlaja alipotakiwa kutawazwa mkuu wa wapiga ngoma. Desturi ni kwamba anayetawazwa hutamka kwa ngoma ukoo wote wa Baale, mkuu wa mji wetu, mbele ya lango lake, bila kuruka hata marehemu mmoja. Akimruka, amemwua mara ya pili. Ataiweka ngoma chini palepale na hataigusa tena.

Asubuhi ile nilimvisha kaka kanzu. "Leo?" nikamuuliza.

"Leo," akasema.

Baba mdogo alianza vizuri, sikatai. Babu wa kwanza akatoka, na wa pili, Baale akiitikia kwa kichwa. Kisha nikasikia mapigo ya gudugudu yameharakishwa, kidogo tu, kama moyo wa mtu anayepanda mlima. Anayepiga iya ilu hawezi kulijua hilo kwa sikio, miguu yake ndiyo inayojua. Yakaongezeka tena. Mkono wa mzee ukaanza kuzikimbilia kamba, jasho likamtoka. Jina la nne ni refu. Alipofika hapo hakuwa na nafasi ya kulitamka, akalimeza lote na kuangukia la tano.

Baale akasimama.

Ayanlaja aligeuka. Kaka alikuwa ameshayarudisha mapigo mahali pake, uso mkavu. Mzee angesema nini? Kwamba mtwanga viazi ndiye aliyemshinda? Akaivua iya ilu na kuiweka mavumbini.

"Umechoka, baba mdogo?" kaka akamuuliza kwa upole.

Nilifurahi. Nilienda nyumbani nikapika supu ya mbegu za egusi yenye nyama nyingi, nikala nikiimba.

Ngoma ikarudi kwetu. Kilichobaki kilikuwa kupata wa kushika gudugudu. Tukamwita binamu yetu Ayankunle, ambaye siku ile alikuwa kwenye kundi.

"Hapana, kaka," akasema. "Baale alisikia jina limemezwa. Sisi tulisikia kilichofanywa."

Wengine tuliowaendea nao wakasema hapana, wengine hata mlango hawakutufungulia. Mwishowe nilikivaa mimi, mwanamke, na anayetaka kusema aseme. Baba alinishikisha kifundo kilekile.

Jioni moja tukasimama uani. Nilishika mapigo, sawasawa, bila hila yoyote. Kaka akaanza jina la babu wa kwanza, akaacha, akageuka kutazama mikono yangu.

"Piga, kaka," nikamwambia. "Ni mimi."

"Najua ni wewe."

Akaanza upya. Hakufika jina la pili, akageuka tena.

Mpaka sasa hupiga hivyo, akinitazama. Jina la nne hajawahi kulifikia.