Siku Mbili Alizozipunguza

Dörte Kabisch hakuwa mwokaji mikate, ila maisha yake pale Halle, Ujerumani, yaliishia kwenye kuoka. Alichokioka ni chungu cha chuma cha maabara: anakizungushia foili kama kuku wa sikukuu, anakipasha moto siku nenda rudi mpaka hewa yote iliyojificha kwenye kuta zake itoke. Ndani humo alinyunyiza atomu za kobalti, mojamoja, juu ya platinamu, kisha kwa ncha ya sindano akapima sumaku ya kila moja. Kazi hiyo aliifanya kwa mikataba ya muda, mmoja baada ya mwingine, hadi mvi zikamtoka.

Mwaka ule ikatangazwa nafasi moja ya kudumu. Profesa Wieprecht, bosi wake, akamwambia wazi: Bi Kabisch akileta matokeo ya maana kabla ya kikao cha uteuzi, ni yake. Basi Dörte, aliyewagombeza wenzake wote kwa pupa yao, akakatiza kuoka. Siku mbili tu alizipunguza.

Matokeo yakaja, na matokeo gani! Atomu moja, peke yake, ilishika mwelekeo wake wa sumaku ikagoma kugeuka. Makala ikachapishwa, mvinyo wa povu ukafunguliwa, na profesa akaanza kumwita kwa jina lake la kwanza.

Lakini roho haikumtulia. Siku moja kabla ya kikao aliongeza umeme kidogo kwenye sindano, juu ya atomu ileile, nayo ikageuka bila ubishi wowote. Kumbe ilikuwa imeng'ang'aniwa na haidrojeni, uchafu uliobaki chunguni kwa zile siku mbili, na umeme ndio ulioibandua.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Akaenda kusema.

"Umemwambia mtu mwingine?" profesa aliuliza.

"Bado. Nimeanza na wewe, Profesa."

"Umefanya vizuri, Dörte."

Vizuri kwa nani, sijui. Nafasi akapewa Malte, mgeni kutoka Leipzig. Profesa akaandika masahihisho ya makala, akazunguka mikutanoni akieleza jinsi maabara yake ilivyougundua mtego wa haidrojeni, na watu wakamsifu kwa uungwana wake. Jina la Dörte lilikuwa kwenye shukrani, mwishoni kabisa, jirani na la mleta mitungi ya gesi ya heliamu. Inauma, jamani.

Wiki yake ya mwisho, mkataba ukiisha, akaombwa amfundishe Malte kuoka. Akafunga foili taratibu, kila kona. Malte akauliza mtu anajuaje kwamba imetosha.

"Ukiona huwezi kuvumilia tena," Dörte alisema akivua glavu, "ongeza siku mbili."