Transfoma Moja, Mota Mbili

Siku ya kwanza nilipofika karakana ya fimbo za kuvulia samaki pale Tengeru, Meneja aliishika mikono yangu akaikagua kama mtu anayechagua vitunguu.

"Umeshona sare miaka mingi, mama?"

"Mingi, baba."

"Hapa hutashona. Utafunga uzi tu. Ila uzi ukilegea, samaki anaondoka na pete zangu."

Nilicheka peke yangu. Meneja alikuwa Mchaga wa Machame, mhandisi mstaafu, na utani wake aliutoa kwa uso wa msibani. Nilimzoea.

Ninyi vijana mnaziona fimbo hizi kwa wageni wanaokwenda kuvua, hamjui jasho lililomo. Kazi yangu ilikuwa kufunga kwenye ufito zile pete ndogo ambamo mshipi hupita. Nilizifunga kwa uzi mwembamba, mzunguko ukigusa mzunguko, kisha nikapaka vanishi nzito juu yake. Ikishapakwa vanishi, fimbo hairuhusiwi kutulia. Lazima izungushwe polepole mpaka vanishi ishike, la sivyo inashuka upande mmoja na kuota kitambi. Hapo unakwangua na kuanza upya.

Kilichoizungusha ni mota ndogo iliyotolewa kwenye jiko la Kimarekani la kubanikia kuku. Mota ya pili, ya cherehani ya huko huko, iliendesha mashine ya kukereza mishikio. Zote mbili Meneja aliachiwa na wageni waliokuja kuvua kwenye mito ya baridi inayoshuka Meru. Taabu ni kwamba umeme wa kwao ni volti mia na kumi, wetu mia mbili na thelathini. Ukiichomeka mota ya kwao ukutani kwetu, inalia kidogo, inatoa moshi, na habari yake imekwisha. Kwa hiyo tulikuwa na transfoma, sanduku la chuma la kupunguza volti. Ilikuwa moja, tena ndogo. Mashine ya kukereza ikiwaka, mota yangu ilizubaa na fimbo ikasimama. Ikabidi tufanye kazi kwa zamu.

Aliyekereza ni Fundi Mkuu, Elisante, Mmeru wa Akeri. Yeye alikuwa mgane, mimi mjane. Asubuhi ilikuwa yake. Mchana vumbi likitulia, transfoma ilikuwa yangu, lakini hata hapo hakuondoka, maana Meneja alishatoa amri: "Transfoma haiachwi bila fundi." Basi Fundi alikaa kwenye kigoda chake, mara kwa mara akiigusa kwa mgongo wa mkono asikie kama inachemka. Mimi nilikaa mbele ya fimbo nikiangalia vanishi. Hapakuwa na kingine cha kufanya ila kuzungumza.

Tulizungumza kahawa yake iliyougua, kwaya yangu, ndugu wanaokumbuka simu wakiwa na shida. Nilikuwa nikimletea loshoro, ule mseto wa mahindi, ndizi na maziwa ya mgando, kwenye kopo. Alikula polepole, akisema ya kwangu ina ndizi nyingi, kisha analamba kijiko. Sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda mchana ule, na siyo uzi niliokuwa naupenda.

Siku moja alisema, "Mama Neema, nyumba ya mtu mmoja ina baridi hata kiangazi."

"Ni kweli, Fundi."

Akaigusa transfoma, ingawa alikuwa ameigusa sasa hivi. Nikamsubiri amalizie. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa tayari kwa mshindo. Nilipoona kimya kinanizidi, nikasema neno la adabu ambalo mama yeyote wa kanisani angelisema: "Haya, Fundi, nisije nikachelewa gari la Kikatiti."

Yeye akalichukua neno lile kama lilivyo.

Wiki iliyofuata aliniita, uso umemng'aa. "Mama Neema, mota yako nimeisuka upya. Nimetoa waya wote wa koili, nimeweka mwembamba zaidi, mizunguko mara mbili. Sasa inakula umeme wetu moja kwa moja, haina haja ya transfoma. Utakaa chumba cha nyuma kusiko na vumbi, uanze asubuhi, umalize mapema. Hutachelewa gari tena."

Vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa waya. Ningesema nini? Nilisema, "Asante sana, Fundi. Mungu akubariki."

Mota ilizunguka vizuri kupita kiasi. Niliisikia mashine yake ng'ambo ya ukuta, yeye akaisikia yangu, na saa tisa nilikuwa barabarani. Baadaye Meneja alifungua tawi Olasiti, akampeleka Fundi akalisimamie. Kule alimpata mama mmoja wa usharika wao, wakafunga ndoa.

Sasa nimestaafu. Naambiwa mota za siku hizi zinakuja zimeshatengenezwa kwa umeme wetu, kila kijana na yake, masikioni ameziba kwa muziki. Kazi inakwenda haraka, sikatai. Mimi bado naitamani transfoma ile ndogo, na mchana ule mrefu wa kungojana.

Siku ya kuniaga, Fundi alikuja na mkewe, mama mcheshi, nikampenda papo hapo. Akamwambia, "Huyu ndiye Mama Neema niliyemsukia mota, asiwe anachelewa gari."

"Na ulikuwa unawahi kweli, dada?"

"Nilikuwa nawahi," nikasema. "Jua bado liko juu, mimi niko nyumbani."

Fundi akafurahi kama mtoto aliyesifiwa. Sikumwambia kwamba Neema alikuwa ameolewa zamani, na kule nilikokuwa nawahi hakukuwa na mtu.