Nusu Dola ya 1815

Kwa miaka arobaini, wakusanyaji wa sarafu wa Reading, Pennsylvania, walipobishana juu ya kipande cha fedha, walimpelekea Orville Rauch, fundi mstaafu wa mashine za kufuma soksi. Aliishika sarafu kwenye ukingo, akaigeuza chini ya taa, akatoa hukumu: "Safi" au "Imeoshwa," yaani imesuguliwa ing'ae na kupoteza thamani. Rufaa hazikuwepo.

Mwenyewe alikusanya nusu dola za kale, moja kwa kila mwaka zilipotengenezwa, kuanzia 1807 hadi 1836. Alitaka zile tu ambazo hazikuwahi kuchakaa mfukoni wala kusuguliwa na mtu mwenye nia njema. Alikosa moja tu, ya 1815.

Mwaka jana macho yake yakaanza kufa katikati. Pembeni aliona vizuri, lakini popote alipoyakaza palikuwa na doa la kijivu. Daktari alimweleza kwa upole kwamba hakuna la kufanya, akampa kijitabu chenye maandishi madogo. Orville hakumwambia mtu.

Jumamosi moja ya Machi, kwenye maonyesho ya sarafu katika ukumbi wa zimamoto, muuzaji aitwaye Lorna Kintzel akamwekea kiganjani nusu dola ya 1815.

"Nimekutunzia wewe kwanza, mzee wangu. Itazame, uniambie kama nadanganya."

Bei yake ilikuwa akiba yote ya Orville. Akaigeuza. Kwenye sarafu safi mwanga huzunguka kama spoki za gurudumu. Kwenye iliyooshwa hulala tu. Orville aliona nyota za ukingoni. Katikati, penye uso wa mwanamke aliyechongwa kwenye sarafu, palikuwa na ukungu. Akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

"Kuku kaona punje," akasema Delbert Hostetter, rafiki na mpinzani wake wa miaka thelathini, ambaye naye aliukosa mwaka huohuo. "Fanya haraka bwana, supu ya mahindi inapoa."

"Nyamaza wewe!" akajibu Orville. "Si ndiwe uliyenunua kifungo cha koti kule Scranton ukasema ni sarafu ya mfalme?"

"Na bado ninacho!"

Kwenye meza zile, sarafu ikiwa mkononi mwako hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitaka. Ukiiweka chini, ni ya yeyote. Orville alikaa nayo mpaka Lorna akakohoa.

"Delbert," akasema, kama mtu anayeuliza saa, "wewe waonaje hapo shavuni?"

Hakuwahi kumuuliza mtu. Delbert akainama, akakawia.

"Pana mikwaruzo. Imeoshwa, Orville. Zamani, lakini imeoshwa."

"Imeoshwa na nani?" Lorna akaja juu. "Itazame mwenyewe, mzee! Tangu lini ukaazima macho ya Delbert?"

Delbert mkweli na Delbert mwongo walikuwa na sauti moja. Kwa miaka thelathini Orville alimsoma usoni. Sasa uso ule ulikuwa doa la kijivu lenye masikio.

Akaiweka sarafu juu ya kitambaa cha mahameli mezani.

"Samahani, mama."

Watu wakasogea. Pembeni mwa macho yake mikono ikapita, mitatu au minne, yote ya wazee, yote ndani ya sweta.

"Unaichukua?" Lorna akamuuliza mtu.

Aliyeulizwa hakutamka neno. Kisha risiti ikasikika ikichanwa kitabuni.

"Delbert?" Orville akaita.

"Nipo," akajibu Delbert, sauti ikitoka palepale risiti ilipochanwa.