Rubugo ya bibi yangu ilipelekwa makumbusho Bukoba, tukaenda kuifuata tumechelewa

Wakuu, shikamooni wakubwa, na nyie wadogo marahaba. Sina picha wala ushahidi, ila hapa sitii chumvi hata kidogo.

Jana niliwaambia wajukuu Jumamosi twende makumbusho, wakanicheka. "Bibi, huko kuna nini? Si vyungu tu?" Roho imeniuma, ndiyo maana naleta uzi huu.

Mimi ni wa Buganguzi, Muleba. Miaka ile ya ujamaa nilikuwa binti wa darasa la saba.

Bibi mzaa baba alikuwa na rubugo, ile nguo ya magome ya mti waliyovaa wazee wetu. Hakuivaa tena. Aliitunza sandukuni ili azikwe nayo kama alivyozikwa mama yake. Kila kiangazi aliianika, na mimi ndiye niliyemshikia ncha ya pili, ile yenye kiraka.

Basi akaja bwana utamaduni kutoka Bukoba. Wanafungua ukumbi wa makumbusho, eti vijana wajue walikotoka. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Mungu amrehemu, lakini ukweli usemwe. Akaiahidi rubugo mbele za watu bila kumuuliza mwenye mali.

Bibi alinuna siku nzima. Mwishowe akasema, "Ichukueni. Lakini watoto waende kuiona, na siku yangu ikifika mnirudishie."

Baba akaapa.

Shule ikapanga safari ya kwenda huko. Baba huyo huyo akakataa. "Ukaangalie nguo uliyoizoea hapa nyumbani? Jumamosi kuna shamba la kijiji!"

Nililia, nikabembeleza, wapi! Wazazi wengine nao walisema hivyo hivyo, safari ikafa.

Bibi hakuacha kuniuliza, "Umeiona? Haijaliwa na wadudu?"

Akafariki msimu wa kuvuna kahawa. Baba akanichukua, tukadandia lori hadi Bukoba, maana mimi ndiye niliyekijua kiraka cha rubugo ile.

Ukumbi tukaukuta umegeuzwa ghala. Mlinzi akasema watu walikuwa hawaji, hasa hao vijana wenyewe, wakubwa wakaona nafasi inakaa bure.

Rubugo ya bibi ilikuwa imekatwakatwa na kutandikwa chini ya magunia ya kahawa yasishike unyevu.

Jamani!

Nilipapasa kipande kimoja kimoja hadi nikakipata chenye kiraka. Hakikuzidi taulo la mtoto mchanga.

Ndiyo siku yangu ya kwanza kuingia makumbusho, wakuu.

Bibi tulimzika na shuka jeupe la dukani, kile kipande tukamwekea kifuani. Baba alishindwa kutazama. Watu walipotawanyika akaniambia, "Heri ningekuruhusu uende ile siku, mwanangu." Hakulizungumza tena mpaka naye anakufa.

Sisemi safari moja ya shule ingeuokoa ule ukumbi. Ila najua kilichotokea watu walipoacha kwenda. Mwenye kijana nyumbani ampeleke: makumbusho, maonyesho ya uchoraji, ngoma, popote. Akinuna, anune akiwa humo humo ndani.

Wajukuu wangu Jumamosi wanakwenda, watake wasitake.

Haya, uwanja ni wenu, matusi pia napokea. Ila kabla hujaandika, nijibu moja: cha bibi yako kiko wapi sasa hivi?