Maua Meusi Mikononi mwa Mjukuu Wangu

Sisi Wakatoliki wa Kivukoni zamani tulimpaka bibi harusi mafuta ya nazi, basi. Hina tuliona kwa jirani zetu Waislamu. Siku hizi wote wanapaka, na mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe, naye akataka.

Ijumaa asubuhi, kesho yake ndoa, mpakaji alikuja kwa bodaboda kutoka Lupiro. Alileta piko, ile rangi nyeusi.

"Shikamoo bibi. Naweka tone moja nyuma ya sikio kwanza, tuone mpaka jioni kama ngozi inaikubali."

"Jioni tuna wageni," nikamwambia. "Mikono ya huyu binti imepandikiza mpunga tangu utotoni, itashindwa na rangi? Paka. Na msiioshe haraka, ngozi ngumu haishiki."

"Bibi, nusu saa inatosha."

"Anayeozesha mjukuu ni wewe au mimi?"

Mashangazi wakacheka. Mpakaji akachora maua mpaka viwikoni. Ikakaa masaa mawili.

Mchana binti akanifuata jikoni. "Bibi, inaniunguza."

"Vumilia. Na ndoa nayo inaunguza."

Maneno hayo mpaka leo yananikaba. Wali haujaiva, mikono ikawa imevimba, maua yametoka malengelenge. Jicho moja likafunga. Kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Bibi, koo linabana."

Niliona jeneza pale tulipopanga kuweka keki.

Tukapanda bodaboda mishikaki kwenda hospitali Ifakara, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, sikio nimelibana mgongoni kwake nisikie kama bado anapumua. Kila shimo la barabara pumzi yake ilikatika, na mimi nikakatika nayo. Nilitaka kusali Salamu Maria, nikasahau maneno. Mimi, niliyeyasema kila siku ya maisha yangu.

Walimchoma sindano, wakamwekea dripu. Nesi akatoka, akauliza kwa ukali, "Nani kampaka huyu?"

Mpakaji alikuwa ametufuata, amesimama ukutani.

"Mimi," nikasema.

Alipona. Alifunga ndoa baada ya majuma matatu, amevaa glovu nyeupe. Maua yameacha makovu, yameinuka kama yalivyochorwa. Nikienda kwake ananinawisha kabla ya kula, nami natazama maji tu. Akikohoa, hata kwa moshi wa kuni, naacha tonge.

"Koo?" namuuliza.

"Hapana, bibi. Kula."